Kuchimba Ardhi Kabla ya Mpira: Njia Nne za Kurekebisha Pigo la Gofu kwa Mchezaji wa Dodoma

Kosa linalowasumbua wachezaji wengi wa gofu wa ngazi ya kawaida, hasa wanaposhika fimbo za chuma, ni kichwa cha fimbo kugusa ardhi sentimita chache kabla ya kuufikia mpira. Mpira huenda nusu ya umbali uliokusudiwa, viganja hutetemeka, na nyuma ya mahali mpira ulipokuwa hubaki kovu la udongo. Dawa zinazotajwa ni nyingi, na karibu kila moja ni sahihi kwa mtu fulani. Tatizo ni kwamba mchezaji huzijaribu zote ndani ya juma moja, kila moja ikivuruga ile iliyoitangulia. Makala hii inalinganisha njia nne zinazotumika zaidi, ikimlenga mchezaji wa Dodoma na maeneo ya jirani ambaye hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yake kwenye uwanja wa wazi wenye ardhi ngumu, kisha husafiri kwenda Morogoro, Dar es Salaam au Arusha anapotaka kucheza raundi kamili. Kila panapotajwa mguu wa mbele, maana yake ni mguu ulio upande wa shabaha.

Kabla ya kuchagua dawa, hakikisha ugonjwa

Kichwa cha fimbo hushuka, hufika mahali pa chini kabisa pa mzunguko wake, kisha huanza kupanda. Mahali hapo tutapaita nukta ya chini. Kwa fimbo ya chuma na mpira uliolala ardhini, nukta ya chini inatakiwa kuangukia sentimita kadhaa mbele ya mpira, ili fimbo iukute mpira kwanza na kukata nyasi baadaye. Dreva, fimbo ndefu ya kupigia mbali, peke yake ndiyo isiyofuata kanuni hii, kwa kuwa mpira wake umeinuliwa juu ya tii, yaani kijiti kidogo kilichochomekwa ardhini, na fimbo inaweza kuukuta ikiwa imeshaanza kupanda. Anayechimba ni yule ambaye nukta yake ya chini imebaki nyuma, na sababu za kubaki nyuma ni tatu kuu: mpira umewekwa mbele mno, uzito wa mwili umeng'ang'ania mguu wa nyuma, au vifundo vya mikono vimefunguka mapema wakati fimbo inashuka.

Katika ardhi laini kosa hili hujitangaza lenyewe. Fimbo huzama, hupoteza kasi, na mpira huanguka karibu. Dodoma mambo huwa tofauti kwa sehemu kubwa ya mwaka. Mvua za huku huja kwa msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo udongo hukauka na kushikamana. Aliyewahi kulipiga jembe kwenye shamba la mtama kabla ya mvua ya kwanza anajua linavyodunda, na soli ya fimbo, yaani upande wa chini wa kichwa chake, hufanya vivyo hivyo: hugonga ardhi nyuma ya mpira, hudunda badala ya kuzama, na ukingo wake wa mbele huukuta mpira katikati ya kimo chake au juu zaidi. Mpira huondoka chini chini kwa kasi, ukikimbia juu ya vumbi. Mchezaji huamini kwamba amepiga kichwa cha mpira kwa sababu aliinuka, wenzake humwambia asiinue kichwa, naye huanza kujikunja zaidi kuelekea chini, jambo linaloisogeza fimbo karibu zaidi na ardhi na kuongeza kosa lile lile alilodhani analiondoa. Kwa maoni yangu, hakuna ushauri uliowachelewesha wachezaji wa huku kuliko huo wa kichwa. Mkeka wa mazoezi nao hudanganya, tena kwa upole zaidi, kwa sababu fimbo iliyotua nyuma huteleza juu yake na kuufikia mpira kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo kipimo kifanyike mahali ambapo alama huonekana. Bahati nzuri Dodoma ina makorongo ya mchanga ambayo hubaki makavu miezi mingi. Chora mstari kwenye mchanga, simama ukiwa umeuweka katikati ya miguu, kisha piga swingi (mzungusho mzima wa fimbo) kumi bila mpira, ukisogea hatua ndogo kando ya mstari baada ya kila moja. Tazama fimbo imeanza kugusa mchanga wapi. Jambo la kuangalia zaidi ya yote ni kama alama zimekaa pamoja au zimetawanyika. Alama kumi zilizo nyuma ya mstari lakini zimekaribiana zinaonyesha mzunguko ulio thabiti, ila umewekwa mahali pasipofaa. Alama zilizotawanyika, nyingine nyuma kwa kiganja kizima na nyingine juu ya mstari, zinaonyesha mzunguko ambao wenyewe haujatulia. Hali hizi mbili hazitibiwi kwa njia moja, na sehemu kubwa ya ulinganisho unaofuata inategemea tofauti hiyo.

Vigezo vya ulinganisho

Kila njia itapimwa kwa mambo yale yale: inatibu chanzo kipi, inahitaji ardhi na vifaa gani, matokeo huonekana baada ya muda gani, inaathiri vipi mapigo mengine, na inamfaa nani. Gharama imeingizwa kwenye vifaa, isipokuwa kwa kocha ambako ndiyo hoja yenyewe. Kuna jambo moja la kimaumbile linalozihusu njia zote. Fimbo hutumia takriban robo ya sekunde kushuka kutoka juu hadi kwenye mpira, na mgusano wenyewe hudumu karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna anayeweza kufikiri na kujirekebisha katika muda huo, hivyo njia yoyote inayofaa lazima ifanye kazi yake kabla swingi haijaanza, au iwe imeshazoeza mwili kwa marudio.

Njia ya kwanza: kurekebisha msimamo

Njia hii haigusi swingi hata kidogo. Inatibu mahali mpira ulipo na namna uzito ulivyogawanywa kabla ya kuanza. Kwa fimbo ya chuma namba saba, mpira ukae karibu na katikati ya miguu, ukielekea mbele kidogo. Kwa dreva, ukae mkabala na kisigino cha mguu wa mbele. Wachezaji wanaoipenda dreva kupita kiasi huubakiza mpira mahali pa dreva kwa kila fimbo, na hao hupona kwa kuusogeza tu. Kuegemeza uzito kidogo kwenye mguu wa mbele tangu mwanzo kunasaidia pia, kwa sababu kunaisogeza nukta ya chini upande huohuo.

Ardhi yoyote inafaa. Vifaa ni fimbo mbili zilizolazwa chini, moja ikielekea kwenye shabaha na nyingine ikionyesha mpira ulipo kati ya miguu. Ikumbukwe tu kwamba kanuni za gofu haziruhusu kulaza kitu ardhini ili kikusaidie kupanga msimamo wakati wa raundi, hivyo fimbo hizo ni za mazoezi peke yake. Matokeo, kama chanzo ni hicho, huonekana siku hiyo hiyo, na hakuna njia nyingine kati ya hizi inayoweza kujivunia hilo.

Hatari yake ni kuzidisha. Anayeona nafuu kwa kuurudisha mpira nyuma upana wa mpira mmoja hushawishika kuurudisha mara tatu. Mpira ukifika karibu na mguu wa nyuma, uso wa fimbo huukuta kabla haujafunga, mpira huanza kwenda pembeni na hupaa chini kuliko ulivyopaswa. Mbaya zaidi, mchezaji hulihamishia zoea hilo kwenye dreva na kuanza kuipiga kwa kushuka. Njia hii inamfaa yule ambaye alama zake mchangani zilikaa pamoja. Kwa mwenye alama zilizotawanyika, kuuhamisha mpira ni kubahatisha.

Njia ya pili: zoezi la mstari

Mstari ule ule wa kipimo hugeuka kuwa dawa. Mchezaji hupiga swingi bila mpira kwa lengo moja tu, kwamba fimbo iguse mchanga juu ya mstari au mbele yake, na akishafanikiwa kwa mfululizo huweka mpira juu ya mstari. Baadaye anaweza kukunja taulo na kuilaza nyuma ya mpira, umbali unaozidi kidogo urefu wa kichwa cha fimbo, ikiguswa, amechimba. Zoezi hili linatibu nukta ya chini moja kwa moja bila kumwambia mchezaji asogeze nini. Anayeubakiza uzito nyuma hugundua kwamba mstari haufikiki mpaka auhamishe. Anayefungua vifundo mapema hugundua vivyo hivyo. Mwili unatafuta njia yake, na mstari unatoa hukumu kila mara bila upendeleo. Naikubali hoja hii kuliko maelekezo marefu ya viungo vya mwili, kwa sababu mchezaji anayefikiria goti, nyonga na kiwiko kwa wakati mmoja mara nyingi hupiga vibaya kuliko alivyoanza.

Hata hivyo ardhi ndiyo kikwazo chake. Kwenye mchanga wa korongo, au kwenye nyasi wakati wa masika, zoezi ni salama na alama zinasomeka. Kwenye udongo mgumu wa Agosti halifai kabisa kwa swingi kamili: fimbo inayogonga ardhi isiyoachia hurudisha mshtuko wote kwenye vifundo na viwiko, na maumivu ya kiwiko yakishaanza huchukua muda mrefu kuliko kosa lenyewe. Anayelazimika kutumia ardhi hiyo achimbue kipande kidogo kwa jembe, akilainishe, kisha achore mstari hapo. Mchanga nao una upungufu wake, kwani huruhusu fimbo kuzama kuliko nyasi inavyoruhusu, na weji (fimbo ya mapigo mafupi) yenye soli pana hutoka mchangani kirahisi hata ilipotua vibaya. Kwa hiyo zoezi lifanyike kwa fimbo namba nane au tisa, ambazo hazisamehe sana.

Kuhusu vifaa hakuna cha kununua. Kuhusu usalama kuna la kusema, kwa kuwa makorongo na viwanja vya wazi vya pembezoni mwa jiji ni njia za wafugaji na watoto. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, uzito mdogo kwa mkono, lakini ukipigwa vizuri kwa fimbo namba saba huondoka kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Pasipoonekana mbele kwa uhakika, zoezi libaki bila mpira. Faida yake kubwa iko hapo hapo.

Muda wake ni wa majuma, si siku. Alama hukusanyika pamoja kwanza, bado zikiwa nyuma, kisha husogea mbele. Anayekata tamaa katika hatua ya kwanza huwa ameliacha zoezi lilipoanza kufanya kazi. Athari mbaya ni moja: wapo wanaofikia mstari kwa kusukuma kiwiliwili chote mbele pamoja na kichwa, badala ya kuhamisha uzito huku kichwa kikibaki karibu na mahali pake. Mchanga utawasifu, lakini mpira utakwenda pembeni. Zoezi linamfaa anayejifunza peke yake, mwenye subira, na mwenye alama zilizotawanyika. Kwenye raundi pia linaweza kuendelea kwa namna fulani, kwa kuwa swingi ya majaribio isiyokusudia kuupiga mpira inaruhusiwa.

Njia ya tatu: nusu ya swingi juu ya mguu wa mbele

Hapa mchezaji huinua kisigino cha mguu wa nyuma, akabaki na ncha ya kiatu ikigusa chini kwa ajili ya mizani tu, kisha hupiga swingi fupi ambayo mikono inatoka usawa wa nyonga upande mmoja hadi usawa wa nyonga upande wa pili. Kwa kuwa uzito hauna pengine pa kukaa, chanzo kinachotibiwa ni kile cha pili, uzito kubaki nyuma, na kwa kiasi fulani cha tatu, kwa sababu swingi fupi haitoi nafasi kubwa ya kurusha vifundo.

Ardhi si tatizo kubwa, kwani kasi ni ndogo na mshtuko ni mdogo. Kwa mipira ya plastiki yenye matundu, hata ua wa nyumba kwenye mitaa ya Kisasa au Nzuguni hapa Dodoma unatosha, ilimradi madirisha ya jirani yawe mbali. Muda ndio mrefu. Zoezi linachosha, halina pigo la kujivunia, na kosa hupenda kurudi siku ile mchezaji anapoirefusha swingi hadi kamili; hivyo urefu uongezwe polepole, kwanza hadi usawa wa kifua, na miguu yote miwili irudishwe chini kabla ya kwenda juu zaidi. Athari yake kwa mapigo mengine ni njema kuliko ya njia nyingine zote, kwa sababu mapigo mafupi ya kuzunguka grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo, hufuata mwendo ule ule. Kwa dreva halisaidii. Anayeanza gofu, mtu mzima ambaye mgongo wake hautaki swingi kamili kila jioni, na yeyote anayeuguza kiwiko watalipenda, baada ya kiwiko kupata ruhusa ya daktari.

Njia ya nne: kocha

Kocha ndiye pekee anayeweza kutibu chanzo ambacho mchezaji hajakijua. Jicho lililozoea huona ndani ya mapigo machache kama vifundo vinafunguka kwa sababu mshiko ni mbovu, au kwa sababu nyonga zimesimama na mikono imebaki bila nafasi ya kupita.

Kikwazo ni umbali. Morogoro iko takriban kilomita 260 kwa barabara kutoka Dodoma, na ina uwanja wake wa Gymkhana. Dar es Salaam ina Gymkhana na uwanja wa Lugalo ulio chini ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 na kupita Morogoro, imepunguza uchovu wa safari, lakini bado somo moja linabeba nauli ya kwenda na kurudi juu ya ada ya kocha. Kwa sababu hiyo somo la mara moja, lisilofuatwa na jingine, mara nyingi ni hasara. Mchezaji hurudi na badiliko analolielewa nusu, huharibika zaidi kwa siku za mwanzo kama inavyotarajiwa, na hakuna wa kumwambia kama uharibifu huo ni hatua au ni upotevu.

Simu hupunguza pengo hilo. Video iliyopigwa kwa mwendo wa taratibu, simu ikiwa imesimama kwa kimo cha mikono na kumtazama mchezaji moja kwa moja kifuani, inaweza kutumwa kwa kocha kupitia WhatsApp. Isitegemewe kuonyesha mgusano wenyewe, kwani hata kwa picha 240 kwa sekunde pengo kati ya picha moja na nyingine ni kubwa mara kadhaa kuliko muda mpira unaokaa kwenye fimbo. Pamoja na video, mtumie picha ya alama mchangani. Na anayekwenda kucheza viwanja hivyo asimdharau kedi wake, yaani msaidizi anayembebea fimbo, kwani makedi wengi ni wachezaji hodari, na katika mashindano kedi anaruhusiwa kumshauri mchezaji ilhali kocha aliyesimama pembeni haruhusiwi.

Njia hii haina athari mbaya ya aina moja. Athari hutegemea kocha, na hasa hutokea pale mchezaji anapokuwa na wawili. Inamfaa aliyekwama kwa muda mrefu, anayechimba kwa kila fimbo, au anayesikia maumivu anapopiga.

Kuchagua kulingana na hali

Mwenye mashindano Jumamosi hii asiguse swingi. Apime alama zake, na zikiwa zimekaa pamoja ausogeze mpira nyuma kidogo kwa fimbo za chuma tu. Zikiwa zimetawanyika, achukue fimbo ndefu kwa namba moja kuliko kawaida (namba sita badala ya saba, kwa mfano), apige kwa robo tatu ya nguvu, na aiache dawa mpaka Jumapili.

Mwenye muda hadi masika, mchanga wa karibu na alama zilizotawanyika aanze na mstari. Akiona baada ya majuma kadhaa kwamba alama zimekusanyika lakini zimegoma nyuma, hapo ndipo kurekebisha msimamo kunapopata maana, na si kabla. Anayeishi kwenye mtaa usio na nafasi, au ambaye ardhi yake ni ngumu na hana namna ya kuilainisha, aanze na nusu ya swingi uani, akiacha mstari kwa siku anazoweza kufika korongoni.

Anayepiga dreva vizuri na kuchimba kwa chuma peke yake ana uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo la mahali mpira ulipo, kwa kuwa mzunguko unaopanda unafaa kwa dreva na kuharibu kwa nyingine. Anayechimba kwa kila fimbo, dreva ikiwemo, amefika kwenye zamu ya kocha, na nauli ya Morogoro itamgharimu kidogo kuliko mwaka wa kubahatisha. Asafiri akiwa na mambo matatu mkononi: picha ya alama zake kumi, video ya swingi kutoka mbele, na jina la fimbo inayomkosesha zaidi, ili saa ya somo isiishie kwenye kutafuta kosa ambalo mchanga ulikwisha kulionyesha.